Rasmussen na Wanawe, Miaka Mia

Kijitabu kilifika Jumanne mchana. Ilma alikisoma akiwa amesimama jikoni kwake, gambuti bado miguuni, kwa sababu alikuwa ndio kwanza ametoka kazini na alidhani atakipitia haraka tu kisha akaoge. Hakuoga mpaka saa kumi.

Kilikuwa kimechapishwa vizuri, hilo hakulikataa. Karatasi nzito ya kung'aa, picha za vilima vya Gippsland, kusini-mashariki mwa Australia, vikiwa na ukungu, ng'ombe aina ya Jersey wakitazama kamera kama maharusi. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba mwaka 1924 Anders Rasmussen, mhamiaji kutoka Denmark, alinunua ng'ombe sita na kuanza kutengeneza siagi kwa mikono yake mwenyewe.

"Kwa mikono yake mwenyewe," Ilma alisema kwa sauti, na jikoni hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Mwaka 1924 mikono ya Anders ilikuwa Kalgoorlie, upande wa pili wa bara, inachimba dhahabu isiyoonekana. Aliondoka 1923 akarudi 1930. Kila mtu wa rika la Ilma pale mjini kwao, Korrimul, alilijua hilo. Ng'ombe sita walinunuliwa na mkewe, Kirstine, kwa kuuza pete yake na cherehani aliyotoka nayo kwao. Alikuwa na mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya banda ili asiende mtoni wakati yeye anakamua. Mtoto huyo ndiye Viggo, baba yake Ilma. Siagi aliisuka Kirstine, akaifunga kwa kitambaa kilicholoweshwa, akaipeleka mjini kwa gari la farasi, Jumatano na Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Na pale Korrimul mvua hunyesha.

Ilma akaendelea kufungua kurasa. Babu, baba, kaka. Babu, baba, kaka. Kwenye ukurasa wa ishirini na saba akajiona.

Ilikuwa picha ya mwaka 1984. Kaka yake Leif, kijana, nywele tele, ameinua kipande cha jibini mbele ya uso wake na anacheka. Pembeni yuko mwanamke aliyevaa aproni na kilemba cheupe cha kiwandani, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, hatazami kamera kwa sababu anatazama pipa. Chini ya picha waliandika: Leif Rasmussen akionja jibini yetu ya kwanza, aliyoibuni baada ya ziara yake Denmark. Kulia, mfanyakazi.

Alilisoma neno hilo mara nne. Halafu akakifunga kijitabu, akakiweka mezani, akakifunika kwa sahani kama mtu anavyofunika chakula kilichoingia nzi.

Ili mtu aielewe hasira yake inabidi ajue jina la kampuni lilitoka wapi. Baada ya vita Viggo aliamua kwamba siagi ya mama yake haitoshi, akajenga kiwanda cha kuchemsha na kujaza maziwa kwenye chupa. Alikisajili mwaka 1949. Wakati huo alikuwa na mtoto mmoja, Leif, ambaye hata kutembea alikuwa bado. Lakini Viggo alikuwa mtu wa matumaini, akaandika "Rasmussen na Wanawe", wengi, akaupaka ukuta rangi ya bluu na kulichora jina kwa herufi zilizosomeka tangu barabarani. Akakaa kumsubiri wa pili. Mwaka 1951 akaja Ilma. Daktari akamwambia mama yao kwamba hawezi kuzaa tena, na Viggo hakulifuta jina.

Ilma alianza kukamua akiwa na miaka saba. Saa kumi na moja alfajiri yuko bandani, saa mbili yuko darasani, ananuka maziwa na dawa ya kuoshea viwele, na wenzake wanamwita Ndama. Leif alipotimiza miaka kumi na miwili alipelekwa shule ya bweni Melbourne. Ilma alipotimiza kumi na mitano aliachishwa shule, kwa sababu mkamuaji mmoja alikuwa amevunjika mguu na Viggo hakuona sababu ya kutafuta mwingine.

"Wewe unaijua kazi," baba alimwambia. "Huyo mwingine nitamfundisha miezi."

Mchana alikaa na bibi yake. Kirstine alikuwa mzee sasa, vidole vimejikunja, lakini katika chumba cha nyuma alikuwa bado anatengeneza jibini ya kula nyumbani, jibini ya duara yenye ganda la rangi ya chungwa iliyonuka vibaya na kuliwa vizuri. Hakuwa na vipimo vilivyoandikwa. Alimshika Ilma mkono, akauzamisha kwenye maziwa yaliyoganda, akamwambia asikie.

"Nasikia nini, bibi?"

"Bado. Ukisikia hutaniuliza."

Ilimchukua Ilma miaka miwili kusikia. Bibi akafariki majira ya baridi yaliyofuata.

Kisha miaka ya themanini ikaja na ukame, na maduka makubwa yakaja na maziwa ya pakiti za karatasi, na watu wakaacha kununua maziwa ya chupa. Kiwanda kilikuwa kinakaribia kufungwa. Leif, ambaye sasa alikuwa amerudi na suti zake na kukalia ofisi, alisema wauze ng'ombe na kupanda misonobari. Ilma ndiye aliyechukua pipa moja lililokuwa limekaa bure akaanza kutengeneza jibini ya bibi. Pipa la kwanza aliwamwagia nguruwe. La pili pia. La nane akampelekea mwenye hoteli pale Korrimul, naye akarudi kesho yake akiuliza kama kuna nyingine. Leif alikwenda Denmark, kweli, kwa wiki tatu, lakini alikwenda wakati Ilma ameshaitengeneza jibini kwa miezi sita, na alichorudi nacho ni picha ya ukutani na mafua.

Jibini ndiyo iliyoiokoa kampuni. Watu walitoka Melbourne kuja kuinunua. Medali zikaanza kuja, na kila medali Leif ndiye aliyekwenda kuipokea, kwa sababu Ilma asingeweza kuliacha pipa.

Baba yao alifariki mwaka 1987. Wakili aliwasomea wosia wakiwa sebuleni. Shamba, ng'ombe, kiwanda na jina: kwa Leif. Kisha wakili akakohoa kidogo, akasoma kwamba binti yangu Ilma aruhusiwe kuishi katika nyumba ndogo ya shambani maadamu hajaolewa.

Ilma alimtazama kaka yake. Leif alikuwa anatazama zulia.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Tungoje wakili aondoke, Ilma."

Wakili akaondoka, na Leif akatoka kwenda kuangalia mtamba aliyekuwa anazaa, na hawakulizungumza tena. Mwaka uliofuata Ilma aliolewa na Gordon Pell, dereva wa lori la maziwa, mwanamume mpole mwenye masikio makubwa ambaye alikuwa amemposa mara tatu. Walihamia nyumba ya kupanga mjini. Jumatatu baada ya harusi, saa kumi na moja alfajiri, Ilma alikuwa kiwandani kama kawaida. Wengi walimuuliza miaka ile kwa nini hakwenda kwingine. Gordon mwenyewe alimuuliza. Jibu lake lilikuwa moja: jibini ni yangu, aondoke yeye.

Leif hakuondoka. Miaka thelathini na saba ikapita hivyo. Gordon akafariki. Na sasa kuna kijitabu.

Jumatano alfajiri Ilma hakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha jibini. Alikwenda bandani, ambako alijua atamkuta Leif, maana uzeeni Leif alikuwa amepata mapenzi ya ghafla ya kuwatazama ng'ombe wakikamuliwa. Alimkuta ameegemea chuma, kikombe cha chai mkononi, mashine zinapumua pande zote.

"Umekisoma?" Leif akamuuliza. "Wamefanya kazi nzuri, sivyo?"

"Nani mfanyakazi?"

"Mfanyakazi gani?"

"Ukurasa wa ishirini na saba."

Leif akanywa chai. "Wale watu wa Melbourne ndio walioandika. Annika aliwapa picha, wao hawakujua ni nani."

"Binti yako ana miaka arobaini na mmoja na mimi ni shangazi yake. Hakujua ni nani?"

"Hakuandika yeye yale maneno."

"Na wewe ulikisoma kabla hakijachapwa?"

"Nilikipitia."

"Ulikipitia ukaona jina lako kila ukurasa, ukaridhika."

"Ilma, ni kijitabu tu. Watu watatazama picha, watakula keki, watakitupa."

"Basi ungeandika mfanyakazi chini ya picha yako."

Wakamuaji wawili waliokuwa upande wa pili wakajifanya wana shughuli nyingi na viwele. Leif akashusha sauti. "Una miaka sabini na mitatu. Hivi bado unabeba mambo haya?"

"Nani angenipokea mzigo, wewe?"

Aligeuka akaenda kazini. Siku hiyo alitengeneza jibini kama siku nyingine, wala haikuharibika.

Sherehe ilikuwa Jumamosi saa nane mchana katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto. Watu mia mbili hivi, viti vya plastiki, birika kubwa la chai, keki za nazi na chokoleti zimepangwa kama matofali. Mezani mbele palikuwa na gurudumu la jibini, la miezi kumi na minane, ambalo Ilma alilichagua mwenyewe kabla ya kuona kijitabu. Kila kiti kilikuwa na nakala.

Leif alihutubia robo saa. Alimtaja babu yake mara sita. Ilma hakuwa na nia ya kuhesabu, lakini vidole vilihesabu vyenyewe. Kisha Leif akasema, "Na sasa namwomba dada yangu Ilma, ambaye wengi mnamfahamu na ametusaidia sana miaka yote hii, aje tukate jibini pamoja."

Ametusaidia. Ilma aliinuka. Alipofika mbele, Annika alimkabidhi kisu, naye akakichukua akakilaza mezani, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa kaka yake. Leif alikiachia kwa sababu hakutegemea.

"Mimi si mzungumzaji," Ilma alisema. "Nitasema machache. Fungueni ukurasa wa kwanza. Mwaka 1924 babu yangu Anders alikuwa Kalgoorlie. Hakununua ng'ombe hata mkia. Ng'ombe alinunua bibi yangu, Kirstine, na humu ndani jina lake halimo. Nimelitafuta. Kuna ng'ombe watatu waliotajwa kwa majina. Bibi yangu hayumo."

Kurasa zilikuwa zinafunguliwa ukumbi mzima.

"Ukurasa wa ishirini na saba. Huyo mfanyakazi ni mimi. Hiyo jibini nimeitengeneza mimi, kwa njia aliyonifundisha bibi, na kaka yangu hakuibuni. Alikuja akaionja. Alisema ina chumvi nyingi."

Mtu akacheka nyuma, akajizuia.

"Dada, inatosha," Leif alisema, uso umemwiva.

"Sijamaliza."

"Nimesema inatosha. Hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi? Sebuleni ulikataa. Bandani ulikataa. Niambie mahali pake, niwaombe hawa watu wote tuhamie huko."

Ndipo Dulcie Abernethy alipoinua fimbo yake. Alikuwa na miaka tisini na saba, ameketi mstari wa mbele na blanketi mapajani, na hakuhitaji kipaza sauti kwa sababu kutosikia kwake kulimfanya apige kelele siku zote.

"Anders mimi namkumbuka," alisema. "Alikuwa fundi wa kukalia kiti. Sisi watoto tulidhani hana miguu. Mama yangu akinituma siagi ananiambia, nenda kwa Kirstine. Hakuna mtu aliyesema nenda kwa Anders. Ungeenda kwa Anders ungerudi na hadithi."

Watu wakacheka, wazee zaidi kuliko vijana. Leif akatazama mlango. Ilma hakucheka. Alikuwa amefikiri kwamba akisema, kitu kifuani kitashuka, lakini hakikushuka, kilisimama pale pale kikawa kikubwa zaidi, kwa sababu ilimjia kwamba kumbe ilikuwa rahisi hivi. Dakika nne. Watu walikuwa wanajua. Wote hawa walikuwa wanajua, wakanunua jibini, wakasoma ule ukuta wa bluu kila siku ya maisha yao, na hakuna aliyesema.

Aliweka kipaza sauti mezani akatoka nje kwa mlango wa upande. Jibini hakuikata.

Jumatatu hakwenda kazini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka hamsini na minane kukosa bila homa wala msiba. Alilala mpaka saa mbili, akaamka na maumivu ya kichwa, akafagia uwanja uliokuwa hauna takataka.

Alhamisi Leif akaja. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, manyunyu yanamlowesha, na Ilma hakumkaribisha.

"Vijana wamejaribu," Leif alisema. "Mapipa mawili yamechacha. Jibini ya jana imevimba."

"Wamwagieni nguruwe."

"Unataka nini, Ilma? Niambie unataka nini."

"Vijitabu vyote virudi vichomwe. Kiandikwe kingine. Na lile jina lifutwe ukutani."

"Vijitabu nitaviondoa. Kingine tutaandika, Annika ameshaanza kulia na kupiga simu. Lakini jina ni la baba."

"Jina ni la uwongo. Mwana alikuwa mmoja, na hakuwa anakamua."

"Siwezi kumfuta baba yangu."

"Mimi mliwezaje?"

Leif alifungua mdomo. Kwa muda Ilma alidhani atasema kitu cha maana, na alishangaa kujikuta anasubiri, mzee mzima, kama mtoto. Lakini Leif alivaa kofia yake. "Wewe una kiburi kama bibi," akasema.

"Asante. Kiandike kwenye kijitabu."

Jina halikufutwa. Mpaka leo lipo, na msimu uliopita lilipakwa rangi upya. Kijitabu kingine kilitoka, chembamba zaidi, na Kirstine yumo, na chini ya ile picha wameandika Ilma Pell, mtengeneza jibini. Ilma alikisoma akakitia kwenye droo. Hakikuiponya hasira yake hata kidogo, na aliacha kujilaumu kwa hilo.

Aliyekuja tena ni Annika. Alikuja mara tatu, mara mbili akafukuzwa. Mara ya tatu alikuja amevaa gambuti na nywele amezifunga.

"Shangazi, nimeacha ofisi," alisema. "Nifundishe."

"Baba yako amekutuma?"

"Baba hazungumzi na mimi."

"Basi karibu kwenye kundi."

Walikodi jiko la kanisa lililofungwa, juu ya barabara ya Foster, lenye sakafu ya saruji na bomba la maji lenye nguvu. Maziwa walinunua kwa jirani mwenye ng'ombe ishirini. Ilma hakuwa mwalimu mpole. Alimfokea Annika kwa kuchungulia saa, kwa kuandika vipimo kwenye simu, kwa kuomba samahani kila mara. "Usiniombe samahani, tazama maziwa." Mikono ya Annika ilikuwa laini ya ofisini na ilichubuka mwezi mzima. Alirudi kila alfajiri. Lebo walibandika neno moja tu, Kirstine, na chini yake mwaka 1924, kwa sababu Ilma alisema mwaka ule haukuwa wa kampuni ya mtu.

Mwanzoni mwa kiangazi walipeleka jibini ya kwanza sokoni Korrimul, Jumamosi. Kufikia saa nne nusu ilikuwa imeisha. Leif alikuja akapanga foleni kama wengine, nyuma ya mwanamke mwenye kitoto kwenye mbeleko. Alipofika mezani Annika akainamia sanduku, akajifanya anatafuta kitu.

Ilma alimkatia kipande cha kuonja, kama alivyomkatia kila mteja. Leif alikula polepole.

"Chumvi iko sawa," akasema.

"Najua."

"Ilma, mwaka ule wa baba. Nilijua kabla. Alinionyesha ile karatasi ya wosia mwaka mmoja kabla hajafa. Nikamwambia ni sawa."

Alisema hivyo mbele ya watu, si kwa sauti kubwa wala ndogo. Labda alikuwa amejizoeza njiani. Ilma alimtazama mzee huyo mwenye madoadoa mikononi, akangoja aone kama atamhurumia. Alimhurumia kidogo. Hasira haikusogea kupisha.

"Nilijua kwamba ulijua," alisema. "Unachukua vipande vingapi?"

"Kimoja."

Alimfungia, akampa, akampa na chenji. Kisha akamgeukia mteja aliyefuata na kumuuliza anapenda iliyokomaa au changa.